Dobi na Mzazi Wake

Mtaani walimwita Shangazi Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi na maneno yake yaliunguza. Binti wa kaka yake alipojifungua, yeye peke yake ndiye aliyemuuguza katika wodi ya wazazi. Binti alikuwa akivuta unga, akauacha mimba ilipoingia, akaanza methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, lakini ndugu walishamtema.

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe wa binti alikuja na shali mpya. "Nimemfuata mjukuu wangu," alisema. "Teja halei mtoto."

Shangazi alimgeukia. "Na mwanao aliyemfundisha kuvuta, yeye ni nani?"

"Mwanangu anaumwa, mkwe. Tunamwombea."

"Kwa hiyo anayevuta mpaka leo ni mgonjwa, na aliyeacha ndiye teja. Mkwe, mkuki kwa nguruwe mtamu."

Shangazi akabeba begi, akamshika binti mkono, mtoto yuko kifuani mwa mama yake, wakatoka.

Sasa kila asubuhi Shangazi humsindikiza binti kliniki kunywa dawa, yeye akiwa amembeba mtoto mgongoni. Watu kwenye foleni wakinong'ona, huwakazia macho mpaka wanyamaze. Bado ana hasira, na nguo za wateja zinamsubiri.