Trekta la Miguu ya Katapila

Mume wangu alipofariki aliniachia trekta dogo lililochakaa na shamba la mpunga katikati ya mbuga, bonde linalojaa maji wakati wa masika, upande wa Ntalikwa. Trekta lilitaka kubembelezwa kila asubuhi ndipo liwake. Shamba lilikuwa bora kuliko yote ya ukoo, maana maji yalikaa pale hata mvua ikikatika mapema. Lakini maji hayohayo yaliufanya udongo wake uwe mzito na wa kunata, udongo mweusi unaoshika kila kinachoingia na kukataa kukiachia.

Msimu wa kwanza wa ujane wangu niliingia na trekta mbugani peke yangu. Nilikuwa nimejifunza kuendesha miaka mingi nyuma, nikimsaidia marehemu, kwa hiyo sikuwa mgeni wa usukani. Sikufika hata jaruba la pili, kipande cha pili cha shamba kati ya matuta. Magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure, yakarusha tope, yakachimba, na kila nilipokanyaga mafuta ndivyo trekta lilivyozidi kukaa chini, mpaka tope likafika kwenye ekseli. Ng'ombe wa jirani ndio waliolivuta kulitoa, na kufikia hapo mvua zilikuwa zimekwisha kwenda. Sikuvuna kitu.

Mtu alinipiga picha nikiwa nimesimama juu ya kiti cha trekta, kitenge kimelowa, nikiangalia magurudumu yasiyoonekana. Picha ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wengine waliweka vicheko. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliandika chini yake: "Mbuga haina adabu kwa mwanamke."

Halafu akaja nyumbani. Akaketi, akanywa chai yangu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa msaada:

"Shemeji, lile shamba tuachie sisi. Kaka aliliweza kwa sababu alikuwa mwanamume. Wewe tutakukatia huku juu karibu na barabara, ulime karanga."

"Na trekta?"

"Tuliuze. Wapo wanaonunua chuma chakavu."

Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri hata kidogo. Kabla hajamaliza kikombe nilikuwa nimeshaamua kwamba shamba lile halitoki mkononi mwangu, na nikabaki kumtazama tu anavyochovya mkate.

Ukoo ulikaa kikao. Uamuzi wao ulionekana wa haki kwa yeyote asiyeijua ile mbuga: kama msimu unaofuata nitalilima shamba lote kwa wakati, libaki langu na wanangu. Nikishindwa, shemeji alichukue. Mama mkwe wangu alikuwepo. Tuliishi naye ua mmoja, mimi na yeye, tangu nilipoolewa. Jumapili tulikwenda wote kanisani, yeye akiimba kwaya. Siku ile hakusema neno. Alikunja mikono mapajani, akatazama chini. Hilo liliniuma kuliko ile picha.

Wakati wa kiangazi nilikwenda mjini Tabora kutafuta kipuri cha pampu ya maji. Njiani nilipita palipokuwa pakijengwa daraja, na bomba lilikuwa limepasuka hapo, likageuza eneo zima kuwa bwawa la tope. Lori la kokoto lilikuwa limenasa. Pembeni yake katapila lilikuwa likipita lilivyotaka, mbele, nyuma, kama lipo sebuleni kwake. Nilisimama juani nikalitazama. Halikuwa jepesi kuliko lori, mbali sana. Lakini uzito wake ulikuwa umelala juu ya minyororo mipana badala ya kusimama juu ya magurudumu.

Dereva alipozima mashine kwenda kula, nilimfuata, nikamsalimu, nikamuuliza huo mnyororo ukilegea anafanya nini. Alishangaa kidogo, kisha akaniita karibu akanionyesha gurudumu dogo la mbele.

"Hili linasogea. Mnyororo ukilegea unalisukuma mbele, unakaza. Ukikaza sana unalirudisha. Kwenye tope unaacha ulegee kiasi, maana tope likijaa ndani litaukaza lenyewe. Wewe una katapila?"

"Sina. Nina trekta."

"Trekta lina magurudumu, dada."

"Kwa sasa," nikamjibu.

Kipuri cha pampu nilikisahau. Nilichukua bajaji mpaka kwa fundi mmoja mwenye karakana nyuma ya soko, mzee wa mjini hapo ambaye baba yake na babu yake walifua vyuma mahali hapohapo. Ndiye aliyekuwa akimtengenezea marehemu trekta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limekufa tena?"

"Halijafa. Nataka tulitoe magurudumu ya nyuma, tuliwekee miguu ya katapila."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaona sicheki. Akaniambia nitumie magurudumu ya chuma ya matundu kama wengine wanavyofanya kwenye mpunga. Nikamwambia hayo tuliyajaribu marehemu akiwa hai; yanakata udongo wetu kama msumeno, yakifika chini yanabaki hukohuko, na barabarani hayapiti.

"Mwanangu," akasema, "trekta limeumbwa na magurudumu."

"Halikuumbwa, mzee. Liliundwa. Na aliyeliunda hakuwahi kuiona mbuga yetu."

Alikwenda kuswali adhuhuri. Nilimsubiri. Aliporudi alinikuta nimekaa palepale juu ya tairi bovu, akatikisa kichwa, akachukua chaki, akaanza kuchora sakafuni.

Nililileta trekta karakanani, na kazi ile ilikula kiangazi chote kilichobaki. Tulipata mkanda mnene wa mpira, ule unaobebea mawe kwenye migodi, uliotupwa baada ya kuchakaa upande mmoja. Nilitoa mbuzi kuupata. Tuliukata, tukaufunga vipande vya chuma kwa upana wake viwe kama meno ya kushika ardhi. Kila upande wa trekta fundi alichomelea fremu ya pembetatu: juu gurudumu la meno linalofungwa mahali pa tairi, chini magurudumu madogo mawili, na mkanda ukiyazunguka yote matatu. Gurudumu dogo la mbele tuliliweka kwenye bolti ndefu, ili mtu mwenye spana aweze kulisogeza, kukaza au kulegeza. Hiyo bolti niliing'ang'ania mimi. Fundi alitaka kuchomelea moja kwa moja, akisema ndiyo imara. Tulibishana juu yake siku nzima, na mimi sikushuka.

"Haya," alisema mwishowe, amechoka. "Ikikatika usinililie."

Nilikuwa mjini karibu kila siku. Nilishika taa, nilipaka grisi, nilikata chuma. Wateja wake walikuja kutengenezewa baiskeli, wakaniona nimelala chini ya trekta na kitenge nimekifunga kiunoni, wakamuuliza fundi kwa sauti ya chini huyo ni nani. Alikuwa akiwajibu, "Huyo ndiye bosi." Sikujua kama ni mzaha.

Siku ya kulijaribu tulilitoa barabarani kuelekea Kwihara. Nimezaliwa kule. Ni kijiji chenye tembe ambalo wageni huja kulitazama kwa sababu mzungu mmoja maarufu aliwahi kulala ndani yake. Njia ile, tuliambiwa shuleni, ndiyo iliyopitisha meno ya tembo na nguo na shanga za dunia nzima, na vyote vilipita juu ya mabega ya watu wetu, masika na kiangazi. Utoto wangu wote nilisikia habari za yule mgeni aliyelala. Kuhusu waliobeba mizigo, sikuwahi kusikia hata mtu akiuliza walivukaje mbuga.

Trekta lilikwenda. Lilikwenda polepole, kwa kelele za kutisha, na mimi juu yake nikicheka peke yangu. Kisha mkanda wa kulia ukachomoka. Trekta likageuka ghafla likaingia mtaroni, mbele ya waendesha bodaboda na kundi la wageni waliokuwa wakitoka kwenye tembe. Bodaboda walipiga honi kama vile kuna harusi. Mmoja akapiga kelele, "Mama, kobe wako amevua kiatu!"

Nilishuka, nikamwambia, "Njoo unisaidie kumvalisha, basi." Alikuja, nadhani kwa aibu. Tuliurudisha mkanda, nikaukaza. Mbele kidogo nikasikia harufu ya kuungua: nilikuwa nimekaza mno, beringi imeshika moto. Tuliburuza trekta kurudi mjini, na kesho yake fundi aliniuliza kama bado nataka kuendelea. Nilimwambia nimeshajifunza mwisho wa kulegea na mwisho wa kukaza, sasa nataka kujifunza katikati. Akaweka beringi mpya.

Mvua zilipoanza nililiendesha mwenyewe mpaka Ntalikwa. Habari zilikuwa zimenitangulia. Watu walisimama kando ya njia, na watoto walikimbia nyuma wakiimba "kobe, kobe". Niliwapungia mkono. Nilikuwa nimeshaamua kwamba jina hilo ni zuri.

Asubuhi nilipofika shambani nilimkuta shemeji ndani ya shamba langu, na jozi mbili za ng'ombe na plau. Alikuwa ameanza kulima ule upande mkavu.

"Mwangaluka, shemeji," nikamsalimu. "Umepotea njia?"

"Nimeamua kukusaidia kabla hujajiaibisha tena," alisema. "Nikilima mimi, tutaelewana baadaye."

"Tutaelewana sasa. Ukoo ulisema nikilima mimi libaki langu. Haukusema tukilima mimi na ng'ombe wako. Watoe."

"Na nisipowatoa?"

"Basi endelea nao kule mbele, tuone." Nilimwonyesha sehemu ya chini, ambako maji yalikuwa yamekwisha kusimama. Alijua, na mimi nilijua, kwamba ng'ombe hawawezi kuingia kule mvua zikishaanza. Watu walikuwa wamejaa kwenye tuta. Mama mkwe alikuwa miongoni mwao, amejitanda khanga.

Sikumsubiri anijibu. Nilishusha diski za kulimia, nikaingia mbugani kupitia chini, kulekule palipokuwa pabaya.

Sijui namna ya kuieleza hali ile kwa mtu ambaye hajawahi kuzama. Nilikuwa nimekaa na mwili mzima umekakamaa, nikisubiri ule mshuko wa nyuma ninaoujua, pale kiti kinapoanza kuinama. Haukuja. Mikanda ililala juu ya tope, ikalikandamiza, ikapita. Nyuma yangu udongo uliokuwa umetushinda ulikuwa ukipinduka, mweusi, unang'aa. Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Marehemu alihangaika na shamba lile maisha yake yote, na wanaume waliokaa pale tutani walikuwa wanamtumia yeye, eti aliliweza, kunifukuzia.

Nilimaliza majaruba matatu. Kwenye la nne, katikati kabisa, nikasikia mkanda wa kushoto unagonga. Nikazima injini kabla haujachomoka. Kutoka tutani kilipanda kicheko, na sauti ya shemeji juu yake:

"Leteni ng'ombe! Si nilisema?"

Nilishuka. Tope lilinifika magotini. Nilichukua spana, nikapapasa ile bolti ndefu chini ya tope, nikaipata, lakini kila nilipokaza, mkanda uliteleza pembeni. Palihitajika mikono miwili ya kuushikilia ukae kwenye njia yake. Nilijaribu kwa goti, nikajaribu kwa bega. Niliinua kichwa kuomba msaada, na kwa kweli sikujua nimwombe nani.

Ndipo nikamwona mama mkwe anashuka tutani. Alikuwa amevua viatu, amefunga khanga kiunoni. Alitembea ndani ya tope taratibu, akiinua mguu mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwita arudi. Alipofika aliinama, akaushika ule mkanda.

"Niambie nishike wapi."

"Hapo mama, ukingoni. Usiweke vidole ndani."

Alisukuma. Mimi nikakaza, kidogo kidogo, mpaka mkanda ukakaa. Nilikomea hapo, nikauacha na ulegevu kiasi, kwa ajili ya tope litakaloingia.

"Mama, kwa nini hukusema kitu siku ile?" nilimuuliza tukiwa bado tumeinama.

Alijifuta uso, akajipaka tope zaidi. "Na mimi walinitoa kwenye shamba la mume wangu," alisema. "Nilinyamaza. Nikadhani ndivyo inavyokuwa. Washa trekta."

Niliwasha. Alibaki amesimama katikati ya jaruba, akinionyesha kwa mkono palipobaki, mpaka nikamaliza shamba lote isipokuwa ule upande mkavu. Kisha nikaingia huko nako, juu ya matuta aliyoyalima shemeji, nikayalima upya. Ng'ombe wake walikuwa wameshaondoka.

Ukoo haukukaa kikao tena. Hakuna aliyeniomba radhi, na ile picha hakuna aliyeifuta. Mkanda mmoja ulipasuka kabla ya msimu kwisha, nikaurudisha kwa fundi, tukauunga. Kiangazi nalivalisha trekta magurudumu yake lipite barabarani bila kusumbua watu, masika naliondolea. Fundi ameniambia wamekuja watu wa vijiji vingine kuuliza, naye anawatuma kwangu waje waone bolti.

Msimu uliofuata shemeji alikuja. Safari hii alisimama mlangoni, hakuketi mpaka nilipomkaribisha.

"Shemeji, kuna lile jaruba langu la chini. Ng'ombe wamelikataa."

"Nimesikia."

"Nilikuwa naomba hilo kobe lako lipite."

Ningeweza kumkatalia. Nilitaka sana kumkatalia. Nilimwambia, "Litapita. Lakini kuna wajane wawili na kikundi cha kina mama waliokutangulia kuomba. Utasubiri zamu yako."

Alisubiri. Zamu yake ilipofika nililima jaruba lake kama nilivyolima mengine, wala sikuliharakisha. Yeye alitembea nyuma ya trekta ndani ya tope, suruali ameikunja, viatu ameshika mkononi. Tulipofika mwisho wa shamba alitaka kusema kitu, akaghairi, akaniuliza kama mafuta yanatosha kunifikisha nyumbani. Nikamwambia yanatosha.