Dele la Bibi Zuhura Halikuwa la Kuuzwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe niliishia kulia. Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili, lakini akili ilikuwa bado ya kisichana. Kazi yangu, hapa hapa Biharamulo mjini, ilikuwa kununua vyombo vya watumishi wanaohamishwa. Mwalimu akipelekwa Mbeya, nesi akipelekwa Tanga, kabati hawezi kulibeba, basi ananiita mimi. Navisafisha, natafuta mnunuzi. Baba wa watoto alikuwa ameshakwenda zake, hivyo vyombo hivyo ndivyo vilivyotulisha.

Simu za kupapasa ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia kwetu. Tukawa na kundi la kuuza na kununua, watu wa Biharamulo na wa Ngara humo humo. Nikapata meza ya mninga kwa nesi mmoja, meza imara, lakini katikati ilikuwa na alama nyeusi ya pasi ya mkaa. Nikajisemea, nani atajua? Sokoni tulishazoea: ukimnyanyulia mteja gauni lenye doa, kidole gumba kinakaa pale pale penye doa. Nikatandika kitambaa changu cha kufuma juu ya ile alama.

Hapo ningeachia, lakini tamaa haina breki. Jirani yangu alikuwa Bibi Zuhura, mzee wa zile familia za wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Alikuwa na dele la shaba la kuchemshia kahawa, alilokuja nalo babu yake. Nikamwomba aniazime kidogo, nipigie picha. Akacheka, akanipa. Nikaliweka juu ya kitambaa, nikapiga, nikaing'arisha picha kwa simu mpaka meza ikawa kama imetoka kiwandani jana.

Siku hiyo hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa Ngara akainunua, akalipa kwa simu, akasema Alhamisi atakuja kuichukua mwenyewe. Nami, kwa pupa, pesa yake nikainunulia vyombo vingine.

Alhamisi akafika, koti limejaa vumbi la Hiace.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Meza yangu ndiyo hii?" Akaizunguka. "Na dele liko wapi?"

"Dele si la kuuza, mwalimu."

"Lilikuwa juu ya meza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wewe unajua masoko yetu: ukinunua maharage unapewa konzi la nyongeza, ukinunua ndizi unawekewa mbili juu, na asiyetoa nyongeza huitwa mchoyo. Mwalimu wa watu alijua kitambaa na dele ndiyo nyongeza yake, na alishamwambia mkewe! Akasema basi atachukua kitambaa, akakivuta ili akikunje. Alama ya pasi ikatokea.

Akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza, picha kando ya ile alama. "Binti, hii picha na hii meza havijuani. Unirudishie pesa yangu kabla ya Jumapili. La sivyo nitaweka jina lako kwenye kundi, kila mtu alisome."

Alipoondoka niliketi juu ya meza ile nikalia. Jina likichafuka Biharamulo asubuhi, mchana limeshafika Benaco, huko Ngara, na pesa ya kumrudishia sikuwa nayo. Nani angenunua kwangu tena? Wanangu wangekula nini? Niliogopa, mwanangu, niliogopa kweli.

Bibi Zuhura alikuja kuchukua dele lake akanikuta hivyo, nikamweleza yote. Usidhani alinibembeleza.

"Umemwandalia mtu chakula, halafu unamkataza kula," alisema. "Sokoni ukificha doa, mteja atageuza nguo mwenyewe alione. Huyu wa kwenye simu ungetaka ageuze nini? Hana mkono wa kugusa. Ana picha yako tu! Mficha uchi hazai. Futa machozi, kesho asubuhi toa vyombo vyote nje, nami nitakuja."

Akaja kweli, na kigoda chake. Tukatoa kila kitu uani jua likiwa bado changa. Nikafuta lile vumbi letu jekundu. Akaniuliza kama na simu nimeifuta. Kumbe kijicho cha kamera kilikuwa kimeganda mafuta ya maandazi! Nikakifuta kwa pindo la kanga, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikaanza kupiga kimoja kimoja.

"Kigeuze hicho kiti. Mguu uliopasuka uko wapi? Sogea, nauona mimi, na yeye auone."

Nikapiga ule mpasuko kwa karibu. Nikapiga tandiko la baiskeli lililochanika. Nikachukua futi kamba, nikapima kabati, nikaandika urefu na upana. Mwisho nikaipiga meza, tupu, alama yake katikati. Nikaandika: "Ina alama ya pasi. Inauzwa meza peke yake." Nikazituma picha zote kundini.

Weee! Adhuhuri haijafika, kabati lina mtu wa Nyamahanga. Baiskeli ikaenda Nemba, tandiko lake bovu na yote. Viti vikagombewa na watu wawili. Hakuna aliyeuliza maswali mengi, maana majibu yote walikuwa wameyaona. Jumamosi nikamrudishia mwalimu pesa yake yote, nikacheza uani mpaka watoto wakanishangaa.

Jioni simu ikaita. Ni yeye. Nikaipokea.

"Binti, ile meza bado ipo?"

"Ipo, mwalimu. Na alama yake."

"Alama naijua. Safari hii umenionyesha wewe. Usimpe mtu, nakuja."

Akaja, akalipa, akaichukua. Kesho yake nikiwa sokoni nikaona jina langu kwenye kundi, nikaogopa kusoma. Nikasoma. Alikuwa ameandika: "Nimenunua kwa mama huyu. Anachopiga picha ndicho anachouza." Nilipiga kigelegele katikati ya wauza nyanya, wala sikuona haya. Tangu hapo watu wa Ngara wananitumia pesa bila kuja kukagua, na nyumba hii uliyomo imejengwa na vyombo vilivyokwisha kutumika. Nilishinda, mwanangu!

Basi jana uliponionyesha picha ya kochi lako, ukiwa umelitupia mto mahali nisipopaswa kuona, nikaona heri nikueleze. Piga kwa mwanga wa asubuhi, kitu kikiwa safi na kikiwa peke yake. Usiweke kwenye picha usichouza. Kasoro ipige kwa karibu kuliko uzuri, maana uzuri utajisemea wenyewe, kizuri chajiuza. Kuteleza si kuanguka, lakini aliyeteleza hadharani asafishe matope hadharani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wateja wenye subira, akupe na mikono isiyoficha, na kila atakayefungua mzigo wako aseme: ndicho hiki hiki nilichokiona.