Chembe cha Moyo

Hospitali niliyofanyia kazi miaka ile sitaitaja. Ilikuwa ndogo, ya watu wa dini, kando ya barabara itokayo Lindi kwenda Kilwa, na mimi nilikuwa tabibu wa wagonjwa wa nje. Mgonjwa akiingia getini, mtu wa kwanza kumsikiliza ni mimi. Watu waliniita dokta, ingawa tabibu hajafikia udaktari, nami nilishaacha kuwasahihisha.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara huria ilipoanza. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa hadi vijijini, mitumba ilijaa magulioni, na misaada ya wageni ilikuja ndani ya makontena: vitanda, magongo, na safari moja mashine ya kupima moyo, ile inayochora mistari kwenye karatasi. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kazi, aliifungia kabatini ofisini kwake ili watu wasije wakaiharibu. Ufunguo alikaa nao yeye. Akisafiri, unasafiri naye.

Kisha tukaletewa daktari kijana, mtu wa bara aliyesomea Dar es Salaam. Hata miezi miwili haijaisha, akaja chumbani kwangu na daftari.

"Dada, naomba unisaidie kazi moja," alisema. "Mtu mwenye shambulio la moyo akifika hapa, tunamfanyia nini, na baada ya muda gani?"

"Wagonjwa wa namna hiyo hatuna," nikamjibu. "Huo ni ugonjwa wa watu wa mjini, wenye magari. Huku ni malaria, vichomi na uzazi."

Hakubishana nami. Alisema tu, "Basi tuangalie kwenye mafaili, tuone kama kweli hawapo."

Stoo ya mafaili ilikuwa chini ya mzee mmoja wa Kimwera aliyekaribia kustaafu. Tulipomwambia tunatafuta wagonjwa wa moyo, akatikisa kichwa. Faili la moyo hakuwa nalo. Daktari akanigeukia.

"Watu wa hapa wakiumwa kifua wanasemaje?"

"Wanasema kichomi. Wengine gesi. Wengi wanasema chembe cha moyo."

"Chembe cha moyo ni wapi?"

Nikaweka kiganja pale mbavu zinapokutana, juu ya tumbo. "Hapa. Si moyo wenyewe, ni tumbo hili, kwa juu. Tunawapa magnesiamu."

Akautazama mkono wangu kwa muda. "Na shambulio la moyo huuma wapi, dada?"

Jibu nililijua tangu chuoni, na niliwahi kuliandika kwenye mtihani. Kiganja changu kilikuwa bado pale pale. Nikakishusha.

Basi tukaanza kutafuta vichomi, gesi na vyembe. Kila asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, tulikaa sakafuni mwa stoo, mzee akitushushia mafurushi. Daktari alichora safu katika daftari lake: mgonjwa amefika saa ngapi, ameonwa saa ngapi, amepimwa presha, amepewa aspirini ya kuzuia damu isigande, amepimwa kwa mashine. Majina hakuyataka, alitumia namba tu. Safu ya mashine ilibaki nyeupe ukurasa baada ya ukurasa. Safu ya aspirini nayo karibu yote nyeupe, ingawa aspirini tulikuwa nazo tele, tukizitoa kwa maumivu ya kichwa. Na katika baadhi ya mafaili, chini ya maneno "vidonda vya tumbo", palikuwa na mstari mwingine kwa wino tofauti: amerudi, amefariki.

Siku ya nne nikafungua faili na kukuta mwandiko wangu.

Mwanamume, fundi cherehani, wa Kitomanga. Amefika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba chembe kinamuuma kama kimewekewa pasi ya mkaa, na kwamba anatoka jasho. Jasho nililiandika mimi mwenyewe. Chini yake: vidonda vya tumbo, magnesiamu, aache pilipili. Kisha mwandiko wa muuguzi: ameanguka barazani saa saba, amefariki. Kisha mwandiko wangu tena, wa haraka: kifo cha ghafla. Na sahihi yangu.

Nilikumbuka kwamba mtu aliwahi kufia barazani. Nilikumbuka kelele, na watu wakimbeba. Lakini sikuwa nimejua hata siku moja kwamba yule wa barazani ndiye niliyemwona asubuhi. Nililetewa faili limefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho, nikatia sahihi, nikaita mgonjwa mwingine. Na sasa, nikiwa sakafuni mle, nilijaribu kuikumbuka sura yake ikakataa kuja. Mtu alikaa kwa muda wa saa tatu akisubiri usafiri wa kumrudisha kwao, hatua chache kutoka kwenye kabati lenye mashine, na mimi sikumbuki hata kama alikuwa mrefu au mfupi.

Daktari alikuwa amenipa mgongo. Nikalichukua lile faili nikalisokomeza chini kabisa ya furushi tulilokwisha kulipitia.

Kesho yake nilifika mapema kuliko wote. Mzee alinifungulia, nikachimbua furushi mpaka nikalipata. Daktari alipoingia nikamkabidhi, nikamwambia, "Hili lilinipita jana."

Akalisoma hadi mwisho. Nadhani aliujua mwandiko wangu, maana kila siku alikuwa akiuona. Akajaza safu zake, akasema, "Asante, dada," akachukua faili lingine.

Matokeo yalisomwa kwenye kikao cha watumishi wote, yule wa barazani akiwa namba mojawapo. Daktari alizungumza kwa upole sana, lakini chumba kilipata joto. Mganga mfawidhi alikuwa amekunja uso.

"Kazi hii inamtafuta nani wa kulaumiwa?" akauliza.

"Hakuna jina hata moja humu, mzee," daktari akajibu.

Muuguzi mmoja wa wodi ya wanaume akasema, "Lakini huyo wa barazani tunamkumbuka wote. Nani alimwandikia magnesiamu?"

Watu wakatazama meza. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi."

Mganga mfawidhi akaomba lile faili, akaangalia tarehe, kisha akavua miwani. "Siku hiyo nilikuwa Lindi kwenye mkutano," alisema. "Na ufunguo nilikuwa nao mfukoni." Mchana huo huo mashine ilitolewa ofisini kwake, ikawekwa kwenye meza chumbani kwangu, na pembeni yake kopo la aspirini. Tukakubaliana kwamba mtu mzima akilalamikia chembe, hasa akiwa anatoka jasho, asiende dirisha la dawa kabla hajalazwa kitandani na kupimwa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kila mtu aliyeshika tumbo mbele yangu nilimwogopa. Nikamwambia daktari nataka kwenda kwa mke wa marehemu.

"Sikushauri," alisema. "Ila sikukatazi."

Jumamosi nikapanda lori la mizigo hadi Kitomanga. Nyumba nilionyeshwa. Cherehani ilikuwa kibarazani imefunikwa shuka, na mama mmoja mtu mzima alikuwa akipepeta ufuta. Eda yake ilikuwa imekwisha zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikajitambulisha. Akafurahi kwamba mtu wa hospitali amemkumbuka. Akanisimulia habari za mumewe: kwamba alishona sare za shule za vijiji vyote vya jirani, mpaka mitumba ilipoingia, na tangu hapo alishona viraka tu na alikuwa mtu wa mawazo. Akaniletea maji. Nikanywa, kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba alikuja kwangu, kwamba nilidhani ni tumbo, kwamba palikuwa na dawa na kipimo ambavyo sikumpa.

Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake.

"Ungempa, angepona?"

"Sijui, mama. Pengine. Wengine hupewa na bado hufa."

Kuku walikuja wakadonoa ufuta uliomwagika, na hakuwafukuza.

"Mwaka mzima huu," akasema hatimaye, "nilijua siku yake ilifika. Nililia, nikashukuru Mungu, nikamaliza. Sasa wewe umekuja umeniletea jambo jingine. Nilifanyie nini?"

Niliomba radhi, nikasikia jinsi maneno yalivyokuwa madogo. Alinisindikiza hadi njiani, kwa sababu mgeni husindikizwa, lakini hakunipa mkono.

Daktari alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Daftari aliniachia, nami nikaendelea kujaza safu zile. Miezi mingine zilijaa vizuri. Kuna waliopimwa, wakapewa aspirini, wakalazwa, wakarudi kwao kwa miguu yao. Miezi mingine karatasi za mashine ziliisha, au umeme ulikatika wiki nzima, na safu zikarudi nyeupe, nami nikaziandika nyeupe vile vile.

Yule mama nilimwona mara moja tena. Siku hizo tulikuwa matabibu wawili, na foleni ya mwenzangu ilikuwa fupi. Yeye alikaa kwenye yangu. Zamu yake ilipofika aliingia, akasema kichwa kinamgonga, akaweka mkono wake mezani. Presha ilikuwa juu. Nilimpima mara mbili, nikamweleza dawa polepole, nikamtaka arudie niliyosema. Akarudia neno kwa neno, macho yake usoni mwangu. Kisha akakunja khanga yake, akauliza arudi lini, nikamtajia siku, akatoka.