Mchoma Migebuka wa Kibirizi

"Hivi Devota, huyo mwenzio anauza samaki au anauza mgongo?" muuza mihogo alimuuliza. Devota alicheka, Mungu amsamehe. Jioni soko likichangamka, redio zikigombana na moshi ukiwatoa watu machozi, mwanamke yule aliyekimbia vita Burundi huwa ameelekeza jiko lake ziwani. Hugeuza migebuka kwa vidole, hupokea hela bila kutazama nyuma. Injini ya mtumbwi ikinguruma, huwaacha samaki waungue, akaenda kukagua nyuso za wanaoteremka, maana mama yake alibaki ng'ambo. Wateja wameshazoea mgebuka wenye upande mmoja mweusi.

Jana Devota alisogeza kigoda karibu naye. Injini ikasikika.

"Dada Devota, nigeuzie hawa," alisema. "Mama akiteremka, asikute wameungua."