Balkoni ya Ukumbi wa Ziwani Niliifunga Vyuma Mimi

Jina langu lisitokee, tafadhali, maana huku Kamukuywa tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa kufunga vyuma vya ujenzi, nina mke na watoto wanne. Ninaogopa sana, na sijamwambia mtu yeyote.

Mwaka jana nilipata kazi karibu na Kitale, kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano unaojengwa kando ya ziwa. Sisi tulizoea kuliita bwawa, lakini tangu msanifu maarufu wa Nairobi achore ukumbi huo, limekuwa ziwa. Alichora balkoni inayotokeza juu ya maji bila nguzo hata moja chini yake. Katika nyumba zetu za kawaida tunaweka vyuma vinene upande wa chini. Balkoni ya namna hiyo inavitaka juu, na plani, michoro ya msanifu, ilionyesha hivyo.

Siku ya kuifunga ilikuwa Agosti. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatahiriwa, na kwetu Wabukusu ni lazima aje kwa mjomba na njuga zake, achinjiwe ng'ombe. Mjomba asipokuwepo ni aibu ya maisha. Nikafanya kazi mbio mbio, mikono ikafuata mazoea. Fomeni, msimamizi wetu, akaniuliza, "Fundi, umefuata plani?" Nikamjibu, "Si unanijua, bana? Mwaga tu." Injinia wa kukagua gari lake lilikuwa limekwama njiani kwenye matope, hakufika. Simiti ikamwagwa, mimi nikaenda nyumbani.

Miezi miwili baadaye msanifu alileta wageni. Akapigapiga sakafu ya balkoni kwa kiatu, akawaambia, "Hii yote inashikwa na vyuma vya juu." Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba juu niliweka vile vyembamba. Siku hizi kuna ufa pale balkoni inapoungana na ukuta. Nimeuziba mara mbili kwa simiti na rangi, na mara mbili umerudi.

Ufunguzi ni mwisho wa mwezi ujao. Kwaya ya akina mama wa kanisa letu imealikwa kuimba juu ya balkoni hiyo, na kiongozi wao ni mke wangu. Hao huimba wakirukaruka. Nilijaribu kumzuia nikisingizia upepo wa ziwa. Akacheka, "Baba watoto, ati upepo? Si ni wewe umejenga hapo? Nimeshawaambia akina mama wote."

Nikisema, nitafutwa kazi, labda nifungwe, na hakuna atakayeniita fundi tena. Nikinyamaza, jamani, hata kuandika siwezi.

Nishaurini, ndugu zangu, na msichelewe. Jana fomeni alituambia kwamba siku hiyo mafundi pia tutaitwa juu ya balkoni tupigiwe makofi. Mke wangu amefurahi sana. Ananiambia nisimame karibu naye.