Kichwa cha Kwanza

Dada Vidole alilala hotelini mara moja tu maishani mwake, na hakwenda kupumzika. Alikwenda kulipiza.

Hoteli yenyewe imeunganishwa na jengo kubwa la maduka. Ghorofa ya pili kuna mlango wa kioo. Mgeni anatoka chumbani kwake na kuingia madukani bila kukanyaga barabara. Mlango huo ndio alioufuata Dada Vidole. Ule mkubwa wa mbele asingepita, maana alikwisha kuja mara moja kumfokea mdogo wake wakati mafundi wakipaka rangi saluni mpya ya huyo mdogo humo madukani, na walinzi wakamtoa mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Tangu siku hiyo walinzi wa pale mbele wanaijua sura yake. Lakini mgeni wa hoteli, mwenye kadi ya chumba mkononi, nani atamuuliza anakwenda wapi?

Huyo mdogo wake wamezaliwa tumbo moja, wamenyonya ziwa moja. Dada Vidole ndiye aliyemfundisha kushika kichana, akamweka kwenye saluni yake ndogo nyuma ya soko: mkubwa anasuka, mdogo anaosha vichwa. Jina la Vidole alipewa na wateja, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikipita kichwani huwezi kuvihesabu, na mstari unatoka umenyooka. Halafu wateja wakaanza kupungua. Leo huyu haji, kesho yule ana dharura. Dada Vidole akasema ni hali ya maisha, itapita.

Haikupita. Siku moja alikutana na muuza vitambaa, mteja wake wa tangu zamani, akamwona anavuka barabara ili wasisalimiane. Akamfuata mpaka dukani kwake, akasimama mlangoni, akasema haondoki bila kuambiwa. Muuza vitambaa aliona haya, lakini alisema. Mdogo mtu alikuwa amewanong'oneza wateja, mmoja mmoja, kwamba vichana vya dada yake vina mapunye, kwamba yeye anawaonea huruma tu, na kwamba wamvumilie kidogo, karibuni atafungua pake.

Mapunye! Jamani, msusi ukimwambia ana mapunye umemzika na huku anapumua. Ni sawa na kusema mpishi anatemea chungu. Nani atakuja kuhakikisha? Watu wanakwenda kwingine tu, kimya kimya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini Dada Vidole anakwambia hawakusema kinavyouma.

Hakutaka fidia, wala hakutaka kuombwa radhi uchochoroni. Alitaka kitu kimoja: mdogo wake aseme kwa kinywa chake, mbele ya wanawake walewale, kwamba alisema uongo. Na siku ya kufunguliwa saluni ndiyo siku watakayokuwepo wote.

Chumba cha hoteli kilikuwa na mito ya kutosha ukoo mzima na baridi ya mashine asiyojua kuizima. Aliosha nywele kwa shampuu ya bure, akazichana, akalala amejifunika shuka mpaka puani, akipanga maneno na kuyapangua. Asubuhi alikuta chai na mikate imeandaliwa chini, wageni wanajipakulia. Yeye hakugusa. Hasira ilikuwa imemshibisha.

Madukani walikuwa bado wanapiga deki alipopita mlango wa kioo. Mlinzi wa upande ule alimwamkia, tena kwa heshima. Alifika saluni wakati wanafungua, akaingia, akakaa kiti cha katikati, akavua kilemba.

Sasa, kwao kuna sheria, na mwenye kuiweka ni yeye mwenyewe Dada Vidole: kichwa cha kwanza hakirudishwi. Awe mlevi, awe adui yako, aliyekaa wa kwanza siku hiyo unamsuka, la sivyo siku nzima ni nuksi. Mdogo wake aliushika mwiko huo tangu utotoni na hajauachia. Alipomwona dada yake kwenye kioo rangi ilimtoka. Wanawake walikuwa wameanza kuingia, wamevaa vizuri, wanapewa juisi, muuza vitambaa akiwa miongoni mwao. Angemfukuza mbele yao? Siku ya kwanza, kichwa cha kwanza?

Akamuuliza kwa sauti ya kazini anataka msuko gani. Dada Vidole akajibu mistari ya kwenda nyuma, midogo.

Akaanza. Mikono ilikwenda yenyewe, kwa sababu mikono ya msusi haina habari na ugomvi wa mwenyewe. Akagawa nywele, akachana, akasuka mstari wa kwanza, wa pili. Na alipotaka kichana chembamba zaidi, kile cha mkononi akakitumbukiza kwenye glasi pamoja na vichana vingine, vile vinavyongoja vichwa vya wageni wake wote. Ni mazoea tu. Ndivyo alivyofanya miaka yote nyuma ya soko, hata siku alizokuwa akinong'ona.

Dada Vidole alikuwa akiingoja ile glasi.

"Mabibi," alisema, bila kugeuza kichwa, "mimi ndiye yule wa nyuma ya soko. Mwenye mapunye. Kichana kilichotoka kichwani kwangu kimerudi mle kwenye vyenu, mmeona wote. Mwulizeni mwenye saluni kama ana wasiwasi."

Mmoja aliweka juisi chini. Muuza vitambaa akauliza kama ni kweli. Hapo mdogo mtu alikuwa na njia mbili, na zote zina miiba: vichana vyake vyote vimeharibika siku ya ufunguzi, au yeye ni mwongo. Machozi yalimlenga.

"Hana," alisema.

"Hana nini? Sema wasikie," Dada Vidole alimhimiza.

"Dada hana mapunye. Hajawahi kuwa nayo. Nilisema uongo."

Utamu wake, we acha. Anayesema kisasi si kitamu hajawahi kukilipa. Wanawake wengine walichukua mikoba yao wakatoka, wengine wakabaki wameinamia simu. Dada Vidole angeweza kuondoka, lakini kichwa kilikuwa nusu, na mdogo wake hakuachia. Alisuka akilia, anavuta kwa nguvu.

"Wewe ukiwepo hakuna aliyekaa kwangu," alimwambia sikioni. "Wote walikungoja wewe. Ningeosha vichwa mpaka lini?"

Dada Vidole akamjibu kwamba angemwambia yeye mwenyewe. Mdomo alikuwa nao, si aliutumia? Hakumsamehe, na mpaka leo hajamsamehe.

Alitoka na kichwa kimekamilika. Alikuwa anarudi hotelini kuchukua begi, na kabla ya mlango wa kioo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsimamisha. Mistari hiyo imemnyooka kweli, amesukwa wapi?

Jibu la kumwua mdogo wake lilikuwa tayari ulimini. Aseme tu ameungua na dawa, kichwa kinamwasha, asiende pale. Neno moja, kama lile la mapunye. Alilishika mdomoni, akaona ladha yake anaijua.

"Pale kwenye saluni mpya, kwa mdogo wangu," alisema, kwa hasira mpaka mama wa watu akarudi nyuma. "Ni mwongo yule, usimwamini kwa lolote. Lakini mkono anao. Nimemfundisha mimi."

Yule mama akaitazama ile mistari tena, kisha akamtazama yeye.

"Basi wewe unapatikana wapi?"