Nyumba ya Bwana Afya

Kila jioni, akishavua buti za ukaguzi, bwana afya hukaa barazani na ndoo yake ya vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto, alivyovichambua kimoja kimoja kwenye marobota ya mitumba pale Kilwa Masoko. Kila kitofali hukisugua kwa mswaki, hukinusa, ndipo hukipachika kwenye kijumba anachokijenga. Kikilia “tak”, husema “Alhamdulillahi” kwa sauti ile ile anayofungia migahawa. Bi Somoe, jirani yake, humtazama kwa jicho la pembeni. Mwezi uliopita mtu huyu alimwandikia notisi, eti mlango wa choo chake ni gunia.

Jana nyumba ilikamilika: ghorofa mbili, madirisha mekundu, hata banda la kuku. Bi Somoe akavuka uchochoro, akaizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

“Mashallah, bwana afya. Choo kiko wapi?”

Bwana afya akaiinamia nyumba yake. Akainua paa, akachungulia chumba kwa chumba kama aliyepoteza ufunguo. Kisha akavaa buti zake, akatoa kitabu cha notisi, akaandika, akachana karatasi na kuiegemeza kwenye kile kimlango.

“Siku saba,” alisema kwa ukali, akiikazia macho nyumba.

Bi Somoe hakuondoka.

“Mimi ulinipa tatu.”